Kupoteza usemi kutokana na sukari kupanda kupita kiasi: chanzo, dalili na hatua za kuchukua

Mtu mzima anapopoteza ghafla uwezo wa kusema au wa kuelewa anachoambiwa, jambo la kwanza linalofikiriwa na wengi ni kiharusi. Fikra hiyo ni sahihi, kwa kuwa kiharusi ndicho chanzo kikuu cha hali hiyo, ambayo kitaalamu huitwa afasia. Hata hivyo, ipo sababu nyingine inayoweza kutambuliwa kwa tone moja la damu na ambayo, ikitibiwa mapema, mara nyingi humrudishia mgonjwa usemi wake. Sababu hiyo ni sukari kupanda kupita kiasi katika damu.

Tatizo hili halitokei mara kwa mara, lakini lina uzito kwa mambo mawili. Kwanza, linaweza kumpata mtu ambaye hajawahi kuambiwa kuwa ana kisukari, hivyo usemi kupotea ukawa ndiyo dalili inayoupeleka ugonjwa wake hospitali kwa mara ya kwanza. Pili, sukari iliyopanda kiasi hicho mara nyingi huambatana na upungufu mkubwa wa maji mwilini, ambao huweza kusababisha kifo iwapo matibabu yatachelewa.

Ukubwa wa tatizo la kisukari

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kuwa katika mwaka 2021 watu wazima wapatao milioni 24 katika Kanda ya Afrika walikuwa wanaishi na kisukari, na kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa hawajui. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika mwaka 2012 ulionesha kuwa takriban watu 9 katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari.

Maana ya takwimu hizo ni kwamba katika mitaa na vijiji vingi wapo watu ambao sukari yao inapanda hatua kwa hatua bila wao kufahamu. Jibu la "hana kisukari" linalotolewa na ndugu wa mgonjwa katika chumba cha dharura halitoshi kuondoa uwezekano wa sukari kuwa chanzo. Kipimo ndicho chenye kuamua.

Lugha inavyofanya kazi katika ubongo

Kwa watu walio wengi, kazi ya lugha hufanyika zaidi katika upande wa kushoto wa ubongo. Mwaka 1861 daktari Paul Broca wa Ufaransa alieleza habari za mgonjwa aliyeelewa sehemu kubwa ya aliyoambiwa lakini hakuweza kutamka zaidi ya silabi moja, "tan". Baada ya mgonjwa huyo kufariki dunia, ubongo wake ulionekana kuwa na jeraha katika sehemu ya mbele ya upande wa kushoto. Mwaka 1874 daktari Carl Wernicke wa Ujerumani alieleza sehemu nyingine iliyo nyuma zaidi, ambayo ikiathirika mgonjwa husema kwa wepesi lakini maneno yake hayana maana, na yeye mwenyewe haelewi anachoambiwa.

Kutokana na maelezo hayo, afasia hujitokeza kwa sura tofauti. Mgonjwa mmoja hunyamaza kabisa au hutoa neno mojamoja kwa shida. Mwingine huongea mfululizo lakini huweka neno moja mahali pa jingine, kama vile kusema "kikombe" akimaanisha "kitanda". Wa tatu anajua kitu kilichoshikwa mbele yake na matumizi yake, lakini jina lake haliji. Mara nyingi kusoma na kuandika nako huathirika.

Afasia haina budi kutofautishwa na hali mbili zinazofanana nayo. Ya kwanza ni ulimi kuwa mzito, ambapo mgonjwa anachagua maneno sahihi na kuelewa kila kitu, ila matamshi yake hayasikiki vizuri. Ya pili ni kuchanganyikiwa, ambapo mgonjwa hajui alipo, siku wala wakati. Sukari ikipanda sana, hali zote tatu huweza kutokea, na wakati mwingine kwa mgonjwa mmoja.

Sukari inavyofika kiwango cha hatari

Mwili hutumia insulini, homoni inayotengenezwa na kongosho, ili kuingiza sukari katika seli. Insulini ikiwa pungufu au isipofanya kazi ipasavyo, sukari hubaki katika damu. Mtu huhesabiwa kuwa na kisukari pale sukari yake anapopimwa kabla ya kula inapofikia milimoli 7.0 kwa lita au zaidi. Figo huanza kuitoa sukari iliyozidi kupitia mkojo, na sukari hiyo hutoka pamoja na maji mengi. Ndiyo sababu mgonjwa hukojoa mara kwa mara na kushikwa na kiu kali.

Mgonjwa anayeweza kunywa maji ya kutosha hufidia sehemu ya maji anayopoteza. Mzee aliye kitandani, mtu mwenye homa, anayetapika au anayeharisha hawezi. Kila maji yanapopungua, damu huzidi kuwa nzito. Damu ikiwa nzito, figo hupokea damu kidogo na kutoa sukari kidogo. Na sukari huzidi kupanda. Mzunguko huo huendelea kwa siku kadhaa, pengine hata wiki kadhaa, hadi sukari ivuke milimoli 33 kwa lita, sawa na takriban miligramu 600 kwa desilita. Katika hatua hiyo, mtu mwenye uzito wa kilo 60 anaweza kuwa amepoteza maji kati ya lita 6 na 13.

Hali hii ni tofauti na ile ya damu kujaa tindikali zitokanazo na ketoni, ambayo huwapata zaidi wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza na hujitokeza kwa haraka zaidi. Hapa ketoni huwa kidogo au hazipo kabisa, hivyo mgonjwa anaweza asitapike sana, asihisi maumivu ya tumbo, wala asipumue kwa nguvu. Mwaka 1957 madaktari Sament na Schwartz walichapisha katika jarida la kitabibu la Afrika Kusini taarifa kuhusu mgonjwa wa kisukari aliyezimia bila kuwa na ketoni, na taarifa hiyo ni miongoni mwa zilizoifanya hali hii itambuliwe rasmi katika tiba. Wagonjwa wengi wanaoipata ni watu wazima na wazee wenye kisukari cha aina ya pili. Hata katika hospitali zenye vifaa vya kutosha, vifo vitokanavyo nayo hukadiriwa kuwa kati ya asilimia 10 na 20.

Kwa nini usemi hupotea

Wataalamu wa mishipa ya fahamu hutaja njia tatu ambazo sukari iliyopanda huathiri lugha.

Njia ya kwanza ni upungufu wa maji katika ubongo. Damu yenye sukari nyingi huvuta maji kutoka ndani ya seli za ubongo, na seli zilizonyauka hushindwa kupitisha taarifa kama kawaida.

Njia ya pili ni degedege la sehemu moja ya ubongo. Ubongo una kemikali iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kutuliza mawasiliano ya neva. Sukari inapokuwa juu bila ketoni, inaaminika kuwa ubongo huitumia kemikali hiyo kama chanzo cha nishati, na kiwango chake hushuka. Breki ikilegea, sehemu moja ya ubongo huanza kurusha umeme ovyo. Ikiwa sehemu hiyo ndiyo inayoongoza mkono, mkono hutikisika bila kukoma. Ikiwa ndiyo inayoongoza lugha, hakuna kutikisika kunakoonekana: mgonjwa hunyamaza au hutoa maneno yasiyoeleweka, huku macho yakiwa wazi. Degedege la namna hii huweza kuja kwa vipindi vya dakika chache vinavyojirudia mara nyingi kwa siku, au likaendelea kwa saa na hata siku kadhaa. Huweza kutokea hata kabla sukari haijafika kiwango cha kumfanya mgonjwa azimie.

Njia ya tatu ni mzunguko hafifu wa damu. Damu nzito hupita kwa shida katika mishipa midogo, hasa ile iliyokwisha kudhoofishwa na shinikizo la damu au kisukari cha muda mrefu. Mtu aliyewahi kupata kiharusi akapona anaweza kuonekana kana kwamba kiharusi kile kimerudi, ilhali ni jeraha la zamani lililozidiwa na sukari.

Dalili zinazoambatana nayo

Ni nadra usemi kupotea peke yake. Ndugu wa mgonjwa wanapoulizwa kwa utulivu, mara nyingi hukumbuka kuwa kwa siku au wiki zilizotangulia alikuwa akinywa maji mengi kuliko kawaida, akiamka usiku kwenda haja ndogo mara nyingi, akipungua uzito, akilalamika kuona ukungu machoni au kusinzia mchana. Anapofika katika kituo cha huduma, mdomo na ulimi wake huwa vikavu, mapigo ya moyo huwa ya haraka na shinikizo la damu huweza kuwa chini.

Dalili nyingine za mishipa ya fahamu zinazoweza kujitokeza ni udhaifu wa upande mmoja wa mwili, kutoona upande mmoja, mkono au mguu kutikisika au kurukaruka bila hiari, kuona vitu visivyokuwapo, kuchanganyikiwa na hatimaye kuzimia.

Katika jamii yenye watu wanaozungumza lugha zaidi ya moja, kipimo cha usemi kinahitaji uangalifu. Mgonjwa aliyekua akisema Kisukuma au Kinyakyusa na kujifunza Kiswahili shuleni anaweza kupoteza lugha hizo kwa viwango tofauti. Katika karne ya 19 msomi Théodule Ribot wa Ufaransa alitoa hoja kwamba lugha iliyojifunzwa kwanza ndiyo inayodumu zaidi. Mwaka 1895 daktari Albert Pitres, naye wa Ufaransa, akaeleza kuwa lugha inayorudi kwanza huwa ile mgonjwa aliyokuwa akiitumia zaidi kabla ya kuugua. Wagonjwa wa aina zote mbili wameonekana. Kwa hiyo ndugu anayeifahamu lugha ya nyumbani ya mgonjwa ni msaada mkubwa kwa mtoa huduma, kwani asiyejibu swali la Kiswahili huenda akalijibu kwa lugha ya mama, na asiyejibu kwa lugha yoyote anahitaji kuangaliwa kwa haraka zaidi.

Kiharusi au sukari

Kwa kumtazama mgonjwa tu, hata daktari mzoefu hawezi kutofautisha kwa uhakika kiharusi na madhara ya sukari. Kwa sababu hiyo miongozo ya kimataifa ya tiba ya kiharusi inataka kila mgonjwa apimwe sukari kabla ya kupewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Kipimo hicho hufanywa kwa kuchoma ncha ya kidole na majibu hupatikana ndani ya dakika moja.

Majibu yake yanaweza kuwa ya namna tatu. Sukari ikiwa chini mno, mgonjwa hupewa sukari mara moja, kwa kuwa sukari iliyoshuka nayo huondoa usemi na huharibu ubongo kwa haraka. Sukari ikiwa ya kawaida, uchunguzi wa kiharusi na magonjwa mengine ya ubongo huendelea bila kuchelewa. Sukari ikiwa juu mno, matibabu yake huanza huku uchunguzi wa kiharusi ukiendelea sambamba, kwa sababu mgonjwa mmoja anaweza kuwa na yote mawili, na kiharusi chenyewe huweza kupandisha sukari.

Mashine nyingi za kupimia sukari huonesha herufi "HI" badala ya namba pale sukari inapovuka milimoli 33.3 kwa lita. Wapo wanaodhani kuwa mashine imeharibika. Herufi hizo zina maana kwamba sukari imepita uwezo wa mashine kuisoma, na mgonjwa anapaswa kufikishwa hospitali wakati huohuo. Herufi "LO" zina maana kinyume chake, yaani sukari imeshuka mno, na hiyo nayo ni dharura.

Hospitalini, kipimo cha CT-Scan huonesha kama kuna damu iliyovuja katika ubongo, ingawa katika saa za mwanzo kinaweza kutoonesha kiharusi cha mshipa kuziba. Kipimo cha MRI huonesha zaidi, na kipimo cha mawimbi ya umeme ya ubongo husaidia kutambua degedege lisiloonekana kwa macho. Damu hupimwa pia ili kujua hali ya figo, chumvi za sodiamu na potasiamu, pamoja na uwepo wa maambukizi.

Matibabu

Nguzo ya kwanza ya matibabu ni maji. Mgonjwa huwekewa dripu ya maji ya chumvi, na sukari huanza kushuka kwa maji hayo hata kabla ya insulini kutolewa. Insulini hufuata kwa kiwango kidogo kupitia mshipa, huku potasiamu ikipimwa mara kwa mara kwa kuwa insulini huishusha na potasiamu ikishuka mno huathiri moyo. Kushusha sukari kwa pupa kuna hatari ya kuvimbisha ubongo. Hivyo lengo ni sukari ishuke hatua kwa hatua, kwa kiasi kisichozidi milimoli 5 kwa lita katika kila saa. Kwa kuwa damu nzito huganda kwa urahisi, wagonjwa wengi hupewa pia dawa ya kuzuia damu kuganda.

Nguzo ya pili ni kutafuta kilichoipandisha sukari. Vinavyoongoza ni maambukizi, hasa nimonia na maambukizi ya njia ya mkojo, pamoja na kuacha dawa za kisukari. Vingine ni mshtuko wa moyo, kiharusi, dawa za jamii ya steroidi na baadhi ya dawa za kuongeza mkojo.

Kuhusu degedege linaloambatana na sukari kuwa juu, dawa za kawaida za kifafa mara nyingi hazifui dafu hadi sukari ishuke. Aidha, mojawapo ya dawa hizo, fenitoini, huzuia kongosho kutoa insulini na huweza kuipandisha sukari zaidi. Mgonjwa aliyeanzishiwa dawa za kifafa bila kupimwa sukari anaweza kukaa wodini siku kadhaa bila nafuu, wakati tiba yake ni maji na insulini.

Sukari na maji vinaporudi katika kiwango kinachofaa, wagonjwa wengi huanza kupata usemi ndani ya saa au siku chache. Majina ya watu na vitu huweza kuwa ya mwisho kurudi. Usemi usiporudi, kiharusi hutafutwa upya, na mgonjwa huhitaji mazoezi ya lugha chini ya mtaalamu pamoja na ushirikiano wa familia.

Hatua za kuchukua nyumbani

Mwananchi anayekuwa na mtu aliyepoteza usemi ghafla anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Kukumbuka saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Saa hiyo ndiyo huamua kama dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, inaweza kutumika.

2. Kumpima sukari iwapo mashine ipo karibu, na kuandika majibu. Mashine isipokuwapo, safari ya hospitali isicheleweshwe kwa ajili ya kuitafuta.

3. Kutompa chakula, kinywaji wala dawa mgonjwa aliyezimia au anayeshindwa kumeza. Alazwe kwa ubavu ili asipaliwe.

4. Kutomchoma insulini bila kupima sukari. Ikiwa mgonjwa anatumia insulini au vidonge vya kisukari, ana fahamu, anameza vizuri na kipimo hakipatikani, kanuni ya huduma ya kwanza ni kumpa kitu chenye sukari, kwa kuwa sukari iliyoshuka huua kwa haraka zaidi kuliko iliyopanda.

5. Kubeba dawa zote anazotumia mgonjwa pamoja na kadi yake ya kliniki.

6. Kumfikisha katika kituo cha kutolea huduma za afya na kuomba apimwe sukari mara anapopokelewa, hata kama hajulikani kuwa na kisukari.

Mgonjwa wa namna hii wakati mwingine hudhaniwa kuwa amelewa, ana msongo wa mawazo au amepatwa na mambo ya kishirikina, na familia hupoteza saa nyingi kabla ya kwenda hospitali. Saa hizo ndizo mwili unazozidi kupoteza maji.

Kinga

Wanaoishi na kisukari wanashauriwa kutoacha dawa wanapougua homa, kuharisha au kukosa hamu ya kula. Siku za ugonjwa ndizo sukari hupanda zaidi, hivyo ipimwe mara nyingi kuliko kawaida, mgonjwa anywe maji kadiri alivyoshauriwa na daktari, na apelekwe kituoni iwapo sukari inaendelea kupanda. Wazee wasioweza kujihudumia wapewe maji kwa ratiba, kwa kuwa hisia ya kiu hupungua kadiri umri unavyosogea.

Kwa wale wasiojua hali zao, kipimo cha sukari kinapatikana katika vituo vya kutolea huduma za afya na mara nyingi hutolewa katika maadhimisho ya Siku ya Kisukari Duniani, ambayo hufanyika kila tarehe 14 Novemba. Wenye umri wa miaka 40 na kuendelea, wenye uzito uliozidi, wenye shinikizo la juu la damu, wenye ndugu wa karibu mwenye kisukari na wanawake waliowahi kupata kisukari wakati wa ujauzito wanahimizwa kupima bila kusubiri dalili.